Mwanga na Sitara: Msamiati wa Nyumba ya Kale katika Upanuzi wa Kisasa, kutoka Lamu hadi Mlolongo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya msamiati wa nyumba ya mawe ya Waswahili na suala la kuipanua nyumba hiyo ili ipate mwanga zaidi. Hoja inayotetewa ni kwamba nyumba ya kale ya Lamu haikukosa mpango wa mwanga, bali ilikuwa na mpango wake, nao ulihifadhiwa katika majina ya sehemu za nyumba. Kiini cha mpango huo ni kiwanda, yaani uwanja wa ndani usio na paa. Upanuzi unaokiziba kiwanda huongeza vyumba na kuipunguza nyumba. Ili kuonyesha kwamba jambo hili haliwahusu wakazi wa pwani pekee, makala yanalinganisha nyumba ya Lamu na ploti za Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos, ambako uwanja wa katikati unatoweka kwa njia inayofanana. Makala yanahitimisha kwa kueleza wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika suala ambalo kwa kawaida huachiwa wasanifu majengo.

1.0 Utangulizi

Mlolongo ni mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, katika eneo la Mavoko. Wenyeji hulihusisha jina lake na misururu ya malori yaliyosimama hapo yakisubiri kupimwa uzito kwenye mizani. Barabara ya kulipia inayoelekea Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 hivi, huanzia hapo. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Kwa hivyo Mlolongo si mji wa kale. Hauna msikiti wa karne ya kumi na nne wala mlango wa nakshi. Msomaji anaweza kuuliza: nyumba za urithi na Mlolongo vina uhusiano gani?

Uhusiano upo wa aina mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya wazungumzaji wa Kiswahili nchini Kenya leo wanaishi katika miji ya namna hii, na msamiati wao wa nyumba unatokana na vyumba wanamoishi. Mwanafunzi aliyelelewa katika ghorofa la kupanga hulisoma neno daka au kiwanda kwenye maandishi ya kale bila kuwahi kuliona linalotajwa. Pili, tatizo la msingi ni moja. Mwenye nyumba ya mawe kule Lamu anayetaka chumba chenye mwanga, na mwenye ploti hapa Mlolongo anayetaka kuongeza ghorofa, wote wawili wanakabiliwa na swali lile lile: mwanga utaingia wapi, na macho ya watu yatazuiwa wapi?

Swali hilo lina pande mbili, na Kiswahili kina neno kwa kila upande: mwanga na sitara. Makala haya yanashikilia kwamba pande hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Dirisha kubwa linaloleta mwanga na kuondoa sitara hufunikwa kwa pazia zito siku ya pili, na mwanga ukarudi ulikotoka.

2.0 Nyumba ya mawe ya Lamu na mpango wake wa mwanga

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba zake za mawe zimechunguzwa kwa makini na wasanifu majengo, akiwemo Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake kuhusu mji huo kilichapishwa mwaka 1975. Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili hawajawahi kukutana na kazi za namna hiyo kwa sababu huwekwa kwenye rafu za idara nyingine. Hata hivyo, mengi yaliyomo ni maelezo ya msamiati wa Kiswahili.

Anayeingia katika nyumba ya aina hiyo huanzia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo wageni wa kawaida hupokewa bila ya kuingia ndani. Baada ya mlango kuna tekani, sehemu ya mpito ambayo hupinda, hivyo kwamba hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kilichomo. Kutoka hapo mtu hutokea kwenye kiwanda, uwanja mdogo usioezekwa. Upande mmoja wa kiwanda hufunguka moja kwa moja kwenye misana, nayo ni kumbi ndefu na nyembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine: msana wa tini na msana wa yuu. Nyuma ya misana kuna chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake nyumba ya kati, iliyohusishwa na kuzaliwa na kuoshwa kwa maiti. Sabule, chumba cha mgeni wa kiume, hutengwa na mkondo huu ili mgeni asikate njia ya wenye nyumba.

Wembamba wa kumbi hizo una sababu ya kiufundi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na mkoko haufai kupita juu ya uwazi unaozidi takriban mita 3. Kwa hivyo chumba kinaweza kurefushwa kadiri mjenzi apendavyo, lakini hakiwezi kupanuliwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, nazo ni nene, karibu nusu mita. Ukuta mnene wa namna hiyo hauruhusu madirisha makubwa kwa urahisi, na kwenye nyumba za zamani zaidi ukuta wa nje hauna madirisha mengi.

Katika hali hiyo mwanga hutoka wapi? Hutoka kiwandani. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua haliondoki utosini kwa zaidi ya nyuzi 26 hivi mwaka mzima. Jua hilo huangukia kwenye sakafu na kuta za kiwanda, hugonga chokaa nyeupe, kisha huingia msanani likiwa limekwisha kupoa. Kinachomfikia aliyeketi ndani ni mwanga uliorudishwa na ukuta, si miale yenyewe. Kadiri mtu anavyoingia, sakafu hupandishwa kidogo na mwanga hupungua. Msana wa tini una mwanga kuliko msana wa yuu, na msana wa yuu una mwanga kuliko ndani. Zidaka, yaani vishubaka vya lipu ya nakshi vilivyopangwa ukutani, huupokea mwanga huo hafifu kwenye kingo zake na kuufanya ukuta wa mwisho uonekane kuwa na kina zaidi ya ule ulio nao.

Ni dhahiri basi kwamba giza la chumba cha ndani halikutokana na kutojua kwa mjenzi. Lilikuwa ngazi ya mwisho katika mpangilio uliokusudiwa, ambapo mwanga na ugeni hupungua kwa pamoja. Palipo na mwanga mwingi ndipo palipo na watu wengi; palipo na mwanga mdogo ni pa wachache.

3.0 Maneno yanayobeba kanuni

Majina yaliyotajwa hapo juu si lebo tu. Kila jina hubeba kanuni kuhusu nani afike wapi na aone nini. Katika sehemu hii maneno manne yatazingatiwa.

Neno la kwanza ni kiwanda. Katika Kiswahili sanifu cha leo, kiwanda ni mahali pa mashine na uzalishaji. Mwanafunzi akiambiwa kuwa nyumba ya Lamu ina kiwanda katikati, huenda akafikiria moshi. Hata hivyo, ukaribu wa kimaumbo na kimaana baina ya kiwanda, kiwanja, uwanda na uwanja unaonekana wazi: yote yana wazo la mahali palipo wazi. Maana ya uwanja wa ndani imebaki katika lahaja na katika maandishi ya wataalamu wa majengo, ilhali lugha sanifu imeipa nafasi maana ya pili. Hapa ni lazima kusisitiza kwamba jambo lisilo na jina katika lugha ya mkataba ni rahisi kulifuta katika mchoro.

Neno la pili ni sebule, ambalo ni lile lile sabule la Lamu. Katika nyumba ya kale, sabule ilikuwa pembeni, na kazi yake ilikuwa kumkaribisha mgeni pasipo kuivuruga nyumba. Katika ghorofa la kisasa, sebule imehamia katikati, na milango ya vyumba vya kulala huelekea humo. Neno limebaki, kanuni imegeuka. Mgeni anayeketi sebuleni leo huona kila anayetoka kuoga. Mabadiliko haya ya kisemantiki yanastahili kuchunguzwa, kwani yanaeleza mabadiliko ya maisha.

Neno la tatu ni roshani. Asili yake ni Kiajemi, na shina lake lahusiana na mwanga au kung'aa. Lilipoingia katika Kiswahili likawa jina la kibaraza cha ghorofani kinachotokeza nje ya ukuta. Roshani za Mji Mkongwe na za Mji wa Kale wa Mombasa, nyingi zikiwa za karne ya kumi na tisa na baadaye, zilileta njia tofauti ya kupata mwanga: kutoka barabarani badala ya kiwandani. Hata hivyo, sitara haikuachwa. Roshani nyingi zilizibwa kwa mbao za kimia ili aliye ndani aone naye asionekane. Kwa hivyo nyumba ya Kiswahili ilikwishapokea mtindo mgeni wa mwanga na kuutia adabu yake kabla ya karne ya ishirini.

Neno la nne ni ndani. Katika matumizi ya kawaida ni kielezi. Huko Lamu ni nomino, jina la chumba. Mabadiliko hayo ya kategoria yana maana. Yanaonyesha kwamba kwa wakazi wa nyumba hiyo kuwa ndani hakukuanzia mlangoni. Mtu aliyevuka mlango, tekani na misana miwili ndiye aliyehesabiwa kuwa amefika ndani.

4.0 Ushahidi wa fasihi

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi mkubwa kuhusu nyumba hizi. Ushairi wa Al-Inkishafi, ulioandikwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, hutumia majumba ya mji huo kama kielelezo cha dunia isiyodumu. Mshairi huyaeleza majumba hayo wakati wa fahari, yakiwa yameng'arishwa na taa hata usiku ukafanana na mchana. Baadaye huyaeleza yakiwa matupu: zidaka zilizowekwa vyombo vya thamani zimekuwa viota, na popo wamekaa juu.

Uhakiki mwingi wa utungo huu hujikita katika maadili ya kidini, na ni sawa kufanya hivyo. Hata hivyo, mhakiki anayeijua nyumba yenyewe hupata jambo la ziada. Mwanga unaosifiwa katika utungo ni mwanga wa taa, si wa jua. Huo ni mwanga wa usiku, unaomilikiwa na mwenye nyumba, unaotegemea mafuta na watu wa kuyatia. Nyumba inapokufa, taa huzimika kwanza. Kisha hubaki mwanga usio na mwenyewe, ule unaoingia kupitia dari iliyobomoka pamoja na ndege na mvua. Kwa msomaji asiyejua kwamba nyumba ya mawe ilipaswa kupokea mwanga kwa kipimo, picha hiyo ya ndege katika zidaka ni ya huzuni tu. Kwa anayejua, ni picha ya mpangilio uliopinduliwa: kilichokuwa ndani kabisa sasa kiko wazi kwa viumbe vyote.

Fundisho lililomo kwa upanuzi wa kisasa ni la moja kwa moja. Si kila mwanga unaoingia nyumbani ni neema. Upo mwanga wa uhai na upo mwanga wa gofu.

5.0 Upanuzi: desturi ya kale na masharti ya leo

Dhana kwamba nyumba ya kale haipaswi kuguswa kamwe haiungwi mkono na historia ya nyumba hizi. Nyumba ya mawe ilikuwa ikikua. Binti alipoolewa, wazazi wenye uwezo walimjengea sehemu yake juu ya nyumba yao au jirani nayo. Nyumba mbili zilizotenganishwa na kichochoro ziliunganishwa kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia kama daraja. Juu ya paa tambarare paliezekwa kwa makuti, na hapo ndipo watu walipopunga upepo na mara nyingine kupika. Hata kwenye nyumba za udongo, Kiswahili kina neno kipenu kwa sehemu inayoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa. Upanuzi basi si jambo geni. Kilicho kigeni ni upanuzi usiofuata kanuni.

Masharti ya leo yanatokana na vyanzo mbalimbali. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 uliweka msimamo kwamba nyongeza katika jengo la kihistoria zisiharibu sehemu zake muhimu wala mizania yake, na kwamba kilicho kipya kitambulike kuwa kipya. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa kuuhifadhi mji wa Lamu kwa ushirikiano na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 ndiyo inayolinda majengo yaliyotangazwa kuwa ya urithi. Mwenye nyumba anayetaka kujenga katika mji wa namna hiyo hana budi kuomba idhini kabla ya kuanza.

Kuna pia masharti ya vifaa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi, lipu hububujika na boriti huoza mahali zinapoingia ukutani. Aidha, uzito una kikomo. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kusababisha vifo. Tukio hilo lilikumbusha kila anayehusika na majengo ya mawe na chokaa kwamba ukuta mnene si lazima uwe ukuta imara.

Sharti la mwisho ni la jua lenyewe. Picha nyingi za upanuzi wa kisasa zinazosambaa zinatoka Ulaya, ambako nyumba ya zamani huongezewa chumba cha vioo ili kulinasa jua hafifu la majira ya baridi. Karibu na ikweta, paa la kioo hupokea jua la utosini na kukifanya chumba kuwa tanuri. Dirisha la mashariki au magharibi hupokea jua la chini ambalo upenu hauwezi kulizuia. Dirisha la kaskazini au kusini, likiwa juu ukutani na likifunikwa kwa upenu wa wastani, hupata mwanga wa anga bila jua kali. Kwa hivyo mwanga mwingi na kioo kingi si kitu kimoja.

6.0 Mfano wa kufunzia

Ichukuliwe kwamba familia moja ya Lamu inaishi katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja yenye kiwanda. Watoto wanahitaji mahali pa kusomea mchana bila ya taa, na jiko la sasa lina giza. Fundi anapendekeza kiwanda kiezekwe kwa mabati yanayopitisha mwanga, kisha kitumike kama jiko na chumba cha kusomea. Pendekezo hilo ni la bei nafuu, na kwenye karatasi linaonekana kuongeza vyumba viwili.

Likikaguliwa kwa msamiati uliojadiliwa, kasoro zake hudhihirika. Kwanza, misana hupoteza chanzo chake cha mwanga. Mabati hayo huchakaa na kufifia, na chumba cha ndani hubaki gizani kabisa. Pili, hewa ya moto iliyokuwa ikipanda na kutoka hunaswa pamoja na moshi. Tatu, jiko linapokuwa katikati ya njia, mgeni hupita mbele ya wapishi, na sitara iliyolindwa na tekani huvunjika. Familia imepata vyumba viwili na kupoteza vitatu.

Njia mbadala ni kufuata desturi ya kukua kwenda juu. Chumba chepesi cha mbao hujengwa kwenye paa tambarare baada ya mhandisi kukagua kuta. Hurudishwa nyuma ya ukingo wa paa ili kisionekane kutoka kichochoroni na wala aliye ndani asiweze kuchungulia kiwanda cha jirani. Upande wa kaskazini na wa kusini huachwa madirisha ya juu chini ya upenu. Mashariki na magharibi huzibwa kwa mbao za kimia. Paa huezekwa kwa makuti au kwa kifaa kingine chepesi kinachokubaliwa na wahifadhi. Maungio hufanywa kwa namna ambayo chumba kinaweza kuondolewa siku za usoni bila ya kuujeruhi ukuta wa kale. Kiwanda huachwa wazi, kuta zake hupakwa chokaa upya, na hatua hiyo peke yake huurudisha mwanga msanani kwa gharama ndogo.

Njia hii haiigi nyumba ya kale, kwani mbao na madirisha ya juu hujitambulisha kuwa vya leo. Inachofuata ni kanuni. Mfano wa karibu unapatikana Mombasa, ambako mbunifu Urko Sánchez ametumia kuta za nje zilizotobolewa mfano wa kimia katika majengo mapya ya kuishi. Majengo hayo si ya kale wala hayajifanyi kuwa ya kale, lakini yanaujua uhusiano wa mwanga na sitara.

7.0 Mlolongo: kutoka ploti hadi shafti

Mlolongo uko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Jua lake la saa sita ni karibu sawa na la Lamu, ingawa nyanda za Athi zina usiku wenye baridi. Makazi ya kawaida ya kupanga katika miji ya namna hii yalikuwa ploti: safu za vyumba vya chini vilivyozunguka uwanja mmoja, wenye bomba la maji, kamba za kuanikia nguo na mlango mmoja wa kutokea barabarani. Hakuna anayeiorodhesha ploti kuwa urithi, na wengi walioishi humo wanakumbuka shida zake, hasa choo cha pamoja na kelele. Hata hivyo, kimpangilio ploti ina kiwanda. Kila chumba hupata mwanga kutoka uwanja wa ndani. Watoto huchezea pale wakionwa na mama zao. Anayeingia kutoka nje hutambuliwa.

Mwenye ploti anapoamua kujenga ghorofa, thamani ya ardhi humshawishi kuujaza uwanja. Kinachobaki ni tundu jembamba ambalo mafundi wengi hulitaja kwa neno la kukopa, shafti. Madirisha ya jikoni na ya vyoo huelekezwa humo. Hesabu ndogo inaweza kuonyesha tofauti. Kiwanda chenye upana wa mita 5 na kuta za mita 7 kina kina kinachokaribia mara moja na nusu ya upana wake. Shafti yenye upana wa mita 2 katika jengo la ghorofa 6, lenye urefu wa mita 18, ina kina cha mara 9 ya upana wake. Aliye chini kwenye kiwanda huona mbingu. Aliye chini kwenye shafti huona ukuta wa mwenzake. Taa huwashwa mchana, na bili ya umeme hulipwa na mpangaji. Sitara nayo hupotea, kwa kuwa dirisha la jiko hutazamana na dirisha la choo cha jirani, na mazungumzo ya ghorofa ya tatu husikika katika ya kwanza.

Hapa ndipo hatua ya kale inapoweza kumsaidia mjenzi wa leo. Mwenye ploti anayetaka kupanua anaweza kujenga juu ya safu mbili na kuziacha nyingine chini, uwanja ukabaki wazi. Anaweza kuweka ngazi na vibaraza upande wa uwanja badala ya korido ya giza katikati ya jengo, hivyo kila nyumba ikapata mwanga pande mbili. Anaweza kupaka kuta za uwanja rangi nyeupe. Atapata vyumba vichache kuliko jirani yake, na hilo halipaswi kufichwa. Lakini vyumba vyake vitakalika mchana bila taa.

Ikumbukwe pia kwamba Mlolongo uko katika nchi ya Wakamba, na utamaduni wa Wakamba una thome, mahali pa nje ya boma ambapo wanaume walikutana na kupokea wageni. Thome na daka si kitu kimoja, wala hakuna haja ya kudai kwamba kimoja kilitokana na kingine. Vinachofanana ni kanuni: mgeni ana mahali pake kabla ya ndani. Ghorofa la kisasa limeondoa vyote viwili, na mgeni sasa hupokewa kwenye ngazi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa na mpango wa mwanga uliotegemea kiwanda, kwamba mpango huo ulihifadhiwa katika msamiati, na kwamba msamiati huo ulibeba kanuni za sitara. Imeonyeshwa pia kuwa upanuzi ni sehemu ya desturi ya nyumba hiyo, mradi uende juu au kando bila ya kuukaba uwanja. Mwisho, imeonyeshwa kwamba hatima ya kiwanda cha Lamu na ya uwanja wa ploti ya Mlolongo inafanana.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika jambo hili haupaswi kudharauliwa. Mwenye nyumba na fundi huzungumza Kiswahili. Mchoro na idhini huandikwa kwa Kiingereza. Katika mchoro huo kiwanda huwa nafasi tupu, na nafasi tupu ni kishawishi cha kujaza. Iwapo maneno kama vile kiwanda, msana, tekani, wikio na kipenu yatarudishwa katika kamusi za ufundi, katika vitabu vya shule na katika mazungumzo ya mafundi, nafasi hiyo itakuwa na jina, na atakayetaka kuifuta atalazimika kusema anachokifuta. Kazi ya kukusanya maneno hayo kutoka kwa mafundi na wazee, mjini Lamu na pia katika miji ya barabarani kama Mlolongo, inafaa kufanywa sasa, wakati wanaoyatumia bado wapo.

Maswali ya mjadala

1. Fafanua mabadiliko ya kimaana yaliyolipata neno sebule. Je, mabadiliko hayo yanaweza kuitwa upanuzi wa maana au uhamisho wa maana? Toa sababu.
2. Chagua utungo mmoja wa kale wa Kiswahili unaotaja sehemu za nyumba. Eleza jinsi ujuzi wa nyumba yenyewe unavyobadilisha uhakiki wa utungo huo.
3. Kusanya maneno kumi ambayo mafundi wa eneo lako hutumia kutaja sehemu za jengo. Bainisha yale ya asili ya Kibantu, ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kiingereza, kisha jadili yale yanayohusu mwanga.
4. “Sitara ni dhana ya pwani na haina nafasi katika makazi ya bara.” Jadili kauli hii ukirejelea ploti au ghorofa unalolifahamu.